Mwaka Walipoona Ndani ya Sikio Langu

Kwenye kilio cha Tata Kyembe, mzee wetu, pale mtaa wa Kikula, waliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Ni swali la kawaida, kwa maana jibu lako ndilo linaloamua utakaa wapi: kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, au kule mbele kwenye viti vya plastiki pamoja na wageni. Sikuwa dada yake, sikuwa jirani yake, wala sikuwahi kula nyumbani mwake hata siku moja. Mwishowe nikamwambia binti yake mkubwa kwamba baba yake ndiye mtu wa kwanza kuona ndani ya kichwa changu. Yule binti akanitazama shavu la kulia, lile lililolala, akaelewa mara moja. Akasogeza watu, akanipa nafasi kwenye mkeka. "Ikala, mama," akasema. "Papa alikuwa anasema juu yako kila wakati."

Basi nikakaa. Wanawake walikuwa wakiimba, mimi nimewageuzia sikio la kushoto kama nilivyozoea, na mawazo yangu yakaenda kwenye mwaka ule mmoja. Nitausimulia kwa Kiswahili nilichofundishwa na masista, kwa sababu nilikuwa mwalimu na mkono wangu haujui kuandika kingine. Lakini watu wangu nitawaacha waseme cha kwetu, Kiswahili cha Katanga. Nikiwasahihisha leo watanicheka huko waliko, hasa Tantine Berta, dada wa baba, ambaye niliishi naye mwaka ule kwenye nyumba ya kampuni. Yeye alikuwa hasahihishwi na mtu.

Ilikuwa ni wakati kampuni ya serikali ya machimbo bado ina nguvu zote. King'ora cha kiwanda kikilia, mji mzima wa Likasi ulijua ni saa ya kuamka, saa ya kula au saa ya kubadilisha zamu. Ndio mwaka uleule tulioamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya kiasili. Nililala nikiwa Odile, nikaamka Ngoie. Sikulia sana kwa ajili ya jina, kwa sababu jicho langu la kulia lilikuwa limeanza kucheza, na hilo ndilo lililonishughulisha. Kwetu jicho la kulia likicheza husemwa kuna mgeni njiani. Tantine alifurahi, akafagia uwanja, akaongeza unga wa bukari, ugali wetu, kwenye sufuria. Likacheza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mgeni hakuna, na Tantine akaanza kulikasirikia jicho lenyewe kama mtu aliyemdanganya. Halafu kucheza kukakoma, na kilichokuja badala yake kilikuwa uzito. Upande mzima wa uso ukaanza kushuka polepole. Nikinywa chai ilitoka pembeni mwa mdomo, nikila sombe, yaani kisamvu, ilibaki shavuni bila mimi kujua. Ikabidi nijifunze kula nikiwa nimeubana mdomo kwa kidole, nimewapa wenzangu mgongo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa darasa la kwanza, watoto wadogo wa kufundishwa kusoma. Jamani! Jaribu kumfundisha mtoto kusema ba, be, bi kwa midomo isiyokutana vizuri. Nilisema nikiwa nimeupinda mdomo upande wa kushoto, na baada ya wiki chache darasa zima lilikuwa linasema ba kwa mdomo uliopinda, kwa bidii kabisa, wakidhani ndivyo inavyosemwa. Sista mkuu alipita dirishani, akawaona, akasimama kwa muda mrefu. Baadaye aliniita akasema kwa upole nipumzike mpaka nipone, na kwamba nafasi yangu atanishikia hadi mwisho wa mwaka. Nilicheka mbele yake kwa ajili ya watoto wale. Nilipofika nyumbani nikaingia chumbani, nikalia mpaka jicho la kushoto likavimba. La kulia halikufumba hata nilipolia.

Daktari wa kwanza alisema ni baridi. Baridi imeupiga mshipa wa uso, nijifunike kitambaa, nijisugue shavu kwa mafuta ya moto, utarudi wenyewe. Haukurudi. Badala yake sikio la kulia nalo likaanza kuondoka. Kwanza ulikuja mlio kama wa sufuria inayokaribia kuchemka, kisha kizunguzungu kilichonifanya nishike ukuta nikitoka chooni, kisha kimya. Nataka niseme kitu kuhusu kimya hicho. Ukisikia kwa sikio moja hujui tena sauti inatoka wapi. King'ora kilikuwa kinalia kutoka kila mahali, mtu akiniita barabarani nilizunguka kama kuku. Na watu walipozoea kwamba Ngoie hasikii upande wa kulia, wakawa wanakaa upande huo wanaposema mambo yao. Hawakujua kwamba sikio zima, hata likiwa mbali, linasikia vizuri mno mtu anaponong'ona juu yako.

Ndivyo nilivyosikia mpango wa kunipeleka Kakanda. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua matembele, na Tantine yuko na jirani yetu kando ya mbabula wakipuliza makaa. Jirani alisema kuna mganga kule Kakanda anayepasua nyuma ya sikio kwa wembe na kunyonya kitu chenyewe mpaka kitoke, kwa sababu uso kama huu si ugonjwa, ni mkono wa mtu. Alisema mtoto wa fulani alifanyiwa hivyo. Tantine aliuliza yule mtoto yuko wapi sasa. Jirani akapuliza makaa kwanza, kisha akasema alikufa, lakini kwa homa, si kwa wembe. Tantine akageuza makaa. Nilingoja aseme hapana. Hakusema. Mikono yangu iliendelea kuchambua majani, lakini sikujua tena lipi ni zuri na lipi ni bovu.

Sasa nimlete Daktari Mumba. Alikuwa kijana wa kwetu aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, mrefu, mwenye haraka, anayevaa abakosi, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku ya joto. Alinifumbisha macho, akanivimbisha mashavu kwa pumzi, akagonga uma wa chuma unaovuma na kuusimamisha juu ya utosi wangu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, uso ulianguka ghafla au polepole? Nikamwambia polepole, kama ukuta wa udongo wakati wa mvua. Akaacha kuandika. Alinieleza kwamba baridi hupiga mara moja, mtu analala mzima anaamka amepinda. Kinachokuja polepole, na kuchukua na sikio, huenda ni kitu kinachoota. Mshipa wa uso, akasema, hupita ndani ya mfupa wa sikio katika njia nyembamba sana, na kama kuna uvimbe umeota juu ya mshipa ule, hauna pa kwenda, utasukuma. Nikamuuliza kama ni uvimbe wa kuua. Akasema hajui, na kwamba yeyote atakayesema anajua kabla ya kuona ananidanganya.

Hospitali ya kampuni ilikuwa na mashine mpya ya radio, ndivyo tunavyoita kwetu picha za mifupa na mapafu. Hii haikuwa kama ile ya zamani. Msimamizi wake alikuwa Tata Kyembe, mtu mfupi mwenye sauti ya parapanda, ambaye kila mtu wa kampuni alimjua kwa sababu alikuwa amempiga kila mmoja wetu picha ya kifua. Chumba chake kilikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea picha na ya sabuni, sakafu inang'aa, na katikati meza nyembamba. Juu ya meza kulikuwa na mkono mkubwa wa chuma. Alinilaza, akanibana kichwa kwa mkanda, akaingia nyuma ya kioo, akapiga kelele. Ule mkono ukaanza kuzunguka juu yangu, ukichora hewani kitu kama ua, na chini ya meza nikasikia kitu kingine kikizunguka kinyume chake. Nikaufuata kwa jicho langu lisilofumba. Nilidhani nimeona kila kitu ambacho kampuni inaweza kuleta Likasi, na kumbe sikuwa nimeona kitu.

Picha zile hazikuonyesha lolote. Daktari Mumba alizitundika kwenye taa, akazisogelea, akarudi nyuma. Ukungu mtupu. Alisema hawezi kusoma kitu, turudi Alhamisi tujaribu tena. Lakini Tantine alisikia alichotaka kusikia. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi, akasema kwa sauti ya kukata shauri: "Kama machini ya bazungu haione kintu, njo kusema ile kintu iko ya bantu. Siku ya Mungu tutaenda Kakanda." Nikamwambia nimesikia habari za yule mtoto aliyekufa. Akashtuka, akaangalia sikio langu la kulia, kisha la kushoto. Machozi yakamjaa. Aliniambia yeye alishamzika mume, hawezi kukaa tu akiniangalia ninavyoisha nusu nusu. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Nilimwomba Alhamisi moja tu kabla ya Jumapili hiyo, akakubali.

Alhamisi Daktari Mumba alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kioo pamoja na Tata Kyembe. Nikalazwa, nikabanwa. Picha ya kwanza ikapigwa, Tata Kyembe akaenda kuiosha chumba cha giza, akarudi akitikisa kichwa: ukungu uleule. Nikaanza kuona wembe. Wakanilaza tena, mkono wa chuma ukaanza safari yake, na mara daktari akagonga kioo, akatoka mbio. "Juu ya nini unapandisha kidevu?" akataka kujua sababu. Nikamwambia sipandishi kidevu, navuta pumzi. Nani alikuambia uvute pumzi? akauliza. Nikamtazama Tata Kyembe, na daktari naye akamtazama.

Msomaji ambaye hakukulia kwenye nyumba za kampuni lazima aelezwe hapa. Kila mwaka wachimbaji walipigwa radio ya kifua kwa sababu ya vumbi, na sisi watoto na wake zao pia. Kila mwaka sauti ileile ilitupigia kelele kutoka nyuma ya kioo: Vuta! Kaza! Usiachilie! Nasi tulivuta mpaka mabega yakapanda masikioni, kwa maana kila nyumba ilijua kwamba kifua kikionekana kibaya, baba anaondolewa kazini. Watoto walicheza mchezo huo vichochoroni, mmoja anapiga kelele, wengine wanavimba kama vyura. Kwa hiyo Tata Kyembe alipofika nyuma ya kioo chake, aliipigia kelele meza bila kujua kwamba amepiga kelele, daktari naye, kijana wa kwetu, aliizoea asiisikie, na mimi nilivuta na kukaza bila kujua kwamba nimevuta. Nikivuta, kidevu kinapanda. Kikipanda, mfupa wa sikio unasogea kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko kila kitu tulichokuwa tunakitafuta.

Daktari alianza kucheka kwanza, kisha Tata Kyembe, mpaka akaketi kwenye kiti chake akajifuta macho. Halafu kicheko kikamwisha. Akaja akasimama karibu na kichwa changu, upande wa kushoto, sikio lililo hai, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba mtu yule alikuwa na sauti nyingine, ndogo. "Ngoie," akasema, "sahau byote nilikufundishaka. Ushivute, ushikaze. Ikala sawa mama mwenye mutoto amelala ku kifua. Pumua kidogo kidogo, ushimwamshe." Akaweka kiganja chake kifuani pake kunionyesha. Nikafikiria mtoto ambaye sikuwa naye bado. Nikampa uzito, nikampa joto lake. Mkono wa chuma ukazunguka, na nyuma ya kioo hapakutoka sauti yoyote.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezaa, nimezika, nimeona viongozi wakija na kwenda, lakini bado sijaona jambo la kunistaajabisha kama lile nililoonyeshwa alasiri ile. Daktari alituita mimi na Tantine kwenye chumba cha kusomea picha. Alitundika picha mbili, sikio la kushoto na la kulia. Alitueleza kwamba mashine ile inatikisa kila kitu makusudi, mkono juu na picha chini, ili vyote vilivyo juu na vilivyo chini vipotee katika ukungu, kibaki kipande kimoja chembamba tu kilichotulia, chembamba kuliko ukucha. Na katika kipande kile, katikati ya ukungu, palikuwa na konokono. Naapa. Konokono mdogo wa mfupa, amejiviringa vizuri, mweupe. "Kila muntu iko naye," daktari akasema, "njo anatusikiliaka." Tantine alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilisahau uso wangu, nikasahau Kakanda. Nilikuwa nimembeba mnyama yule tangu tumboni mwa mama, kila wimbo niliowahi kusikia ulipitia kwake, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Kisha akatuonyesha sikio la kulia. Palepale ambapo upande wa kushoto kulikuwa na njia nyembamba kama uzi, upande wa kulia njia ilikuwa imepanuka, imekuwa kama kijishimo cha mviringo, na kijishimo kile kilikuwa kimefika kwenye nyumba ya konokono na kuitoboa ukuta. Ndiyo sababu nilikuwa sisikii. Ndicho kile, akasema, uvimbe juu ya mshipa wa uso. Tantine akauliza kwa sauti kavu kama ni ule wa kuua. Daktari Mumba alimgeukia. Aliuliza kama ni kweli marehemu mumewe alikuwa mchimbaji wa chini ya ardhi kule Kambove, na kama aliwahi kumsimulia ukuta wa njia za chini ukoje baada ya baruti. Tantine akasema alisimulia kila jioni ya ndoa yao: mawe yamepasuka, yana meno, unaweza kukatwa mkono. Na pale ambapo hapakupita baruti, pamepita maji miaka na miaka? daktari akauliza. Laini, Tantine akasema. Laini kama ndani ya chungu. "Basi angalia, mama," daktari akasema, akasogea pembeni.

Tantine alivaa miwani yake. Akausogeza uso mpaka ukakaribia kugusa taa, na kwa kidole kile kilichosonga bukari maisha yake yote akafuata ukingo wa kijishimo, kuanzia juu, kuzunguka, mpaka kurudi pale alipoanzia. Sikupumua. Alizunguka mara nyingine. Akasema, taratibu, kama anayeongea na mtu aliye ndani ya picha: "Hapa hakupite baruti. Hapa ni mayi." Daktari akasema hata yeye anasoma hivyo. Kitu kibaya hula mfupa na kuacha meno. Kitu hiki kimeusukuma kwa miaka mingi, bila haraka, na mfupa umekipisha. Hakikuwa cha kuua. Alisema pia hatakikata, kwa sababu kimekaa juu ya mshipa wenyewe, na atakayekitoa atatoa mshipa pamoja nacho, na hapo nusu ya uso iliyobaki na nguvu kidogo itakufa kabisa. Tutakiangalia tu, mwaka baada ya mwaka. Sikio halitarudi, akasema, hataki kunidanganya. Tantine alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaniambia twende nyumbani tukapike. Habari za Kakanda hazikutajwa tena ndani ya nyumba ile, na jirani alipozileta mbabulani aliambiwa apulize makaa yake mwenyewe.

Nilirudi darasani kabla ya mwisho wa mwaka. Nilijifunza kusema ba nikiwa nimesukuma shavu kwa kidole, na watoto nao wakasukuma mashavu yao. Kila mwaka nililala kwenye meza ile, na kila mwaka Tata Kyembe alikuja kwanza upande wa kushoto kunikumbusha mtoto. Nilipopata wangu wa kweli nilimpeleka amwone. Kisha kampuni ikaanza kuanguka, vipuri vikakosekana, Daktari Mumba akaondoka nchini, na siku moja nilikuta mkono wa chuma umefunikwa shuka. Nilimwona Tata Kyembe akiikunja vizuri pembe ya shuka ile. Baada ya hapo tulikutana kanisani tu. Alikuwa ananitazama shavu kwanza, halafu ndipo macho, kisha anatikisa kichwa kuridhika. Miaka ya karibuni mjukuu wangu alinipeleka Lubumbashi kwenye mashine ya sasa, inayogonga kama fundi wa mabati. Kitu kiko palepale, kimekua kidogo sana. Tumezeeka pamoja, mimi na kile kitu na yule konokono aliyetobolewa nyumba.

Alasiri walifungua jeneza ili tumuage. Nilipanga mstari na wanawake wa ukoo, na zamu yangu ilipofika nikainama juu yake. Alikuwa amelazwa vizuri, kidevu kimenyooka, kichwa hakikusogea hata kidogo. Hapo nikatambua kwamba nimevuta pumzi mpaka mabega yamepanda, na nimeikaza kwa nguvu zote, kama mtu yeyote wa kampuni. Nikakishusha kidevu changu. Nikaweka kiganja kifuani, nikaanza kupumua kidogo kidogo, nisimwamshe.